Matuta Mawili ya Gudele

Keji hakuwahi kujua kwamba mwanamume anaweza kupendeza hata akiwa amefunikwa shuka la hospitali. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda, mikono mapajani, akimtazama Ezbon anavyosinzia. Nje mvua ilikuwa imetoka kupita, ile mvua ya mchana ya Juba inayokuja kwa kishindo na kuondoka bila kuaga, na hewa iliyoingia dirishani ilinukia udongo. Mwanga ulikuwa laini, wa rangi ya asali. Kila kitu wodini kilionekana kama kiko mbali kidogo, hata kikohozi cha mgonjwa wa kitanda cha mwisho.

Ezbon hakuwa amelala chali. Tangu jana hakuweza. Alikuwa ameketi, ameinama mbele na kukumbatia mto, shavu juu yake, kama mtoto aliyechoka kungoja chakula. Akijilaza chali kifua kilimchoma. Akiinama alipata nafuu kidogo.

"Unaniangalia," alisema bila kufumbua macho.

"Nani? Mimi? Naangalia dirisha."

"Dirisha iko nyuma yako."

Keji aliziba mdomo asicheke kwa sauti. Hicho ndicho alichokipenda kwa mtu huyu tangu mwanzo, kwamba alikuona hata asipokutazama. Walikutana ukimbizini Uganda, sokoni Arua, yeye akishona sare za shule kwenye baraza la duka na Ezbon akitengeneza viti mkabala naye. Ezbon ni Mmoru, Keji ni Mbari. Lugha za nyumbani hazikuwakutanisha hata kwa neno moja, basi wakapendana kwa Kiswahili, Kiswahili cha sokoni kilichopinda huku na kule, na hadi leo Keji hakuweza kusikia mtu akisema "mimi iko hapa" bila moyo wake kuruka.

Amani ilipokuja watu wakarudi. Ezbon alifungua karakana ya useremala mtaa wa Hai Cinema, na Keji akarudi na wazazi wake nyumbani kwao mtaa wa Atlabara, na cherehani yake. Mara nyingi jioni alipita mbele ya karakana akimkuta ameinamia ubao, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi. Ezbon alikuwa akitengeneza kitanda. Hakusema ni cha nani, na Keji hakuuliza, lakini kila alipopita alikitupia jicho aone kimefika wapi. Mara ya mwisho kilikuwa kimebaki ubao wa kichwani tu.

"Bado inauma?" aliuliza sasa.

"Kidogo."

"Kidogo ya kweli au kidogo ya wanaume?"

Ezbon alifumbua jicho moja. Lilikuwa jekundu, limechoka, na bado lilikuwa na uchokozi ndani yake. "Ya wanaume," alikiri.

Keji alitaka kumshika mkono. Aliunyoosha wake ukafika kwenye ukingo wa shuka, kisha akasikia viatu vizito vya baba yake vikija sakafuni, akaurudisha upesi.

Mzee Jada, baba yake Keji, alikuwa mtu mrefu mwenye kofia asiyoivua hata ndani. Hakuwa mkatili. Alikuwa na binti mmoja tu aliyebaki hai, na tangu mwanzo hakuelewa kwa nini binti huyo apite vijana wote wa Kibari akaangukie kwa fundi wa mbali, ambaye ukoo wake haujulikani hata mlango. Miezi mingi alisema hapana. Mwishowe mkewe, Mama Victoria, ndiye aliyesema kijana apewe shamba.

Kupewa shamba kwao ni mtihani. Mchumba huja na vijana wenzake, wanalima shamba la mama mkwe mtarajiwa tangu umande hadi jua kali, na hao vijana wanaweza kuimba na kupumzika wapendavyo, ila mchumba mwenyewe haachi jembe. Haombi maji. Hasemi amechoka. Kazi ikiisha, mama huzunguka shamba lote peke yake, kisha husema mbele ya watu maneno mafupi: shamba limelimwa. Hapo kijana amekuwa mtoto wa nyumba. Yasiposemwa, hata ulete ng'ombe wa kujaza bonde, huna mke.

Shamba la Mama Victoria lilikuwa Gudele, huko magharibi ambako watu wa mjini walikuwa bado wanalima. Juzi, Jumamosi, Ezbon alilima vizuri. Hata Mzee Jada alikaa kivulini akatikisa kichwa kwa kuridhika mara mbili tatu, akidhani hakuna anayemwona. Yalikuwa yamebaki matuta mawili Ezbon alipoachia jembe, akashika kifua kwa mikono yote miwili, jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji, na akaanguka juu ya udongo alioulima mwenyewe.

Sasa Mzee Jada alisimama miguuni pa kitanda, na nyuma yake akaja Daktari Celestino na karatasi ndefu mkononi, imejaa mistari ya kupanda na kushuka. Daktari alikuwa kijana bado, aliyesomea Kampala, mpole, mwenye tabia ya kufikiri huku anasugua shingo.

"Ezbon," alisema, "hii ni picha ya moyo wako unavyopiga. Nimeitazama tangu asubuhi. Moyo umeumia, hilo halina ubishi. Maumivu yako, mkono wa kushoto kufa ganzi, jasho, yote yanasema mshipa wa moyo umeziba."

"Kuziba," alirudia Mzee Jada polepole.

"Ndiyo, Mzee. Mshipa ukiziba, kipande cha moyo kinakosa damu, kinakufa. Hakirudi." Daktari alisugua shingo. "Lakini kuna kitu hakinipi usingizi. Mshipa ukiziba, mistari hii huwa inapanda upande mmoja, ule wa mshipa wenyewe. Yako imepanda karibu kila mahali. Na una miaka ishirini na saba, huvuti sigara, si mnene. Na unakaa umeinama hivyo. Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu kama pacha. Mtu anaugua homa, mafua, mwili unauma, halafu ule ugonjwa unashuka kwenye msuli wa moyo, moyo unavimba. Ukimwona wakati huo, utaapa mshipa umeziba." Alimtazama Ezbon usoni. "Kwa hiyo nakuuliza tena kama nilivyokuuliza jana. Siku za kabla ya kulima, uliugua? Homa? Koo? Kutetemeka?"

Keji alimwona Ezbon akitazama kofia ya Mzee Jada. Muda mfupi tu. Kisha akatazama mto.

"Hapana, daktari. Mimi ilikuwa mzima."

"Hata baridi usiku?"

"Hapana. Kwes tu, salama."

Daktari alikunja karatasi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebisha hodi akaambiwa hakuna watu, na huku anasikia wanapumua. "Kama ni kuziba, jioni hii lazima nianze sindano za kuzuia damu isigande. Ni dawa nzuri. Lakini kama ni huu mwingine, na utando wa moyo umevimba, dawa hiyo hiyo inaweza kuuvujisha damu ndani kwa ndani. Mashine inaniambia moyo umeumia. Hainiambii aliyeuumiza. Nikimaliza wodi ya watoto nitarudi."

Alipoondoka, Mzee Jada alibaki kidogo. Alipozungumza alizungumza na binti yake, kwa lugha ya nyumbani, taratibu, na upole wake ndio uliouma zaidi.

"Umesikia mwenyewe. Kipande cha moyo kimekufa, hakirudi. Mimi nimezika wanangu wawili, Keji. Sitakupa kwa mtu ambaye utamzika kabla hujamzoea. Shamba halikwisha. Hakuna aliyevunja neno. Tumwombee apone, kisha kila mtu ashike njia yake."

Akatoka. Viatu vyake vilisikika mpaka mlangoni.

Ezbon hakujua Kibari cha kutosha, lakini kuna mambo hayahitaji lugha. "Baba nasema kalas, imekwisha," alisema. "Si ndiyo?"

Keji alivuta kigoda hadi magoti yake yakagusa chuma cha kitanda, na safari hii alimshika mkono waziwazi, aonaye na aone. Kiganja kilikuwa cha moto na sugu za randa bado zilikuwa pale pale alipozijua. Alikilaza shavuni kwake. Keji alijiona kama anaelea, kama wako tena kwenye baraza la Arua na mvua inagonga mabati, na hakuna baba, hakuna shamba, hakuna karatasi ya mistari.

"Ezbon. Siku ile ya Jumatano hukuja karakana. Nilipita. Mlango ulikuwa na kufuli."

"Nilienda kununua misumari."

"Na Alhamisi?"

"Misumari mingine."

"Misumari gani ya siku mbili? Mimi mtoto?" Alimtazama hadi akainua macho. "Niambie mimi. Si daktari, si baba. Mimi."

Kijasho kilimtoka Ezbon juu ya mdomo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, akiuambia mto zaidi kuliko Keji.

"Ilikuwa homa. Kali. Mwili yote nauma kama nimepigwa. Ijumaa nikasimama, nikaanguka, nikasimama tena. Jumamosi nikachukua jembe."

"Ezbon!" Machozi yalimjaa macho yote mawili mara moja. "Kwa nini hukusema? Wangengoja wiki!"

"Wangesema Mmoru ameogopa kazi. Baba yako alikuwa nangoja neno hilo tu."

"Basi sasa kwa nini unamficha daktari? Hukusikia ile sindano inaweza kufanya nini?"

"Nimesikia." Alitabasamu kwa uchovu. "Keji, fikiri. Nikisema mimi ilikuwa mgonjwa nikalima, nimesema nini? Nimesema shamba ya mama yako ndiyo imeniua. Juba yote itasema yule mama alimlimisha mgonjwa. Mimi nataka kuoa kwake au nataka kumtia aibu? Mama yule alinisaidia wakati baba anakataa."

"Nitamwambia daktari mimi."

"Na baba atasema nani amekutuma? Atasema binti anataka bwana, anaweza kusema kitu yoyote." Alifunga macho. "Wacha. Labda ni kuziba kweli."

Keji aliinuka. Alitaka kumpiga, na alitaka kumbusu palepale mbele ya wagonjwa wote, na kwa kuwa hakuweza kufanya lolote kati ya hayo, alitoka nje.

Mama Victoria alikuwa barazani. Alikuwa amekaa pale tangu jana, kwenye mkeka, na sufuria ya uji wa mtama iliyofungwa kitambaa. Alipika, akaleta, akampa Keji aingize. Mwenyewe hakuvuka kizingiti. Mama mkwe na mchumba wa binti yake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini ampishe mwenzake. Seuze kumfuata akiwa kitandani, kifua wazi! Tangu Arua mpaka Juba, watu hawa wawili hawakuwahi kusemezana neno hata moja, na kwa sababu hiyo kila mmoja alimsifu mwenzake kwamba ana adabu.

Keji alijitupa kwenye mkeka akalaza kichwa mapajani mwa mama yake kama alivyofanya alipokuwa mdogo. Akalia. Akamwambia yote: Jumatano, Alhamisi, homa, sindano ya jioni, na kwa nini Ezbon amefunga mdomo.

"Anakulinda wewe, mama. Anaona heri afe kuliko wewe usemwe."

Mama Victoria hakushtuka. Mkono wake uliendelea kupapasa nywele za Keji, taratibu, taratibu, halafu ukasimama.

"Nilimwona," alisema.

Keji aliinua kichwa.

"Asubuhi ile, kabla watu hawajawa wengi. Nilikuwa nyuma ya mtama natenga mbegu. Alidhani yuko peke yake. Alishika jembe akawa anatetemeka, jua limeshawaka na yeye anatetemeka. Akatapika, akafukia kwa udongo, akajipangusa, akaanza kulima." Mama Victoria alitazama ua, ambako maji ya mvua yalikuwa yanaondoka polepole mferejini. "Nikageuza uso. Ndivyo nilivyofundishwa. Mkwe akiwa na udhaifu wake, mama hakuona. Nikasema moyoni, huyu kijana ana heshima, na mimi nimpe heshima yake. Siku nzima nikageuza uso."

"Mama..."

"Nyamaza sasa."

Mlangoni Daktari Celestino alikuwa anarudi, na muuguzi nyuma yake na sahani ndogo ya chuma iliyofunikwa. Mzee Jada naye aliwafuata. Keji aliikodolea macho sahani ile. Aliposimama, mkeka ulikuwa mtupu.

Mama Victoria alikuwa amevuka kizingiti.

Alitembea katikati ya vitanda, shuka yake ya begani ameivuta hadi kichwani, uso ameufunika upande mmoja. Wagonjwa wakageuza vichwa. Wale wa Juba waliojua desturi walielewa wanaona nini. Ezbon alipomtambua alihangaika kuvuta shuka ajifunike kifua, akakosea, akavuta mto. Mama Victoria alipofika kitandani aligeuka, akampa mgongo. Akasimama hivyo, akitazama ukuta, na akasema kwa Kiswahili, Kiswahili kile cha ukimbizini, ili daktari asikie na kijana asikie.

"Daktari. Huyu mtoto iko nadanganya wewe."

"Victoria!" alisema Mzee Jada.

"Mimi iko nasema, Jada." Hakupandisha sauti. "Daktari, siku ya kulima mtoto huyu ilikuwa na homa. Mimi naona kwa macho yangu. Natetemeka, natapika. Siku tatu ilikuwa mgonjwa ndani ya nyumba, peke yake. Nalima shamba yangu na homa. Yeye nanyamaza kwa sababu ya mimi. Na mimi nanyamaza kwa sababu ya yeye. Sote wawili wajinga."

Daktari Celestino alinyoosha mkono akamzuia muuguzi. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, kitu ambacho madaktari hawafanyi.

"Ni kweli, Ezbon?"

Kijana alitazama mgongo ule uliosimama mbele yake. "Ni kweli, daktari. Jumatano ilianza."

"Koo? Misuli?"

"Yote."

Daktari alikunjua karatasi yake tena, akaileta dirishani, mwanga wa jioni ukaipitia. Akatoa na picha ya kifua, akaiinua. Alitazama muda, akasugua shingo, na polepole mabega yake yakashuka. Akarudi akaweka chombo chake cha kusikilizia kifuani mwa Ezbon, akamwambia ainame zaidi, ashike pumzi, akasikiliza na macho amefumba.

"Nasikia mkwaruzo," alisema hatimaye, "kama ngozi mbili kavu zinasuguana. Jana haukuwepo, au sikuusikia. Ni utando, na ni msuli. Umevimba. Hakuna mshipa ulioziba." Akamgeukia muuguzi. "Hiyo sindano irudishe."

Keji alishika chuma cha kitanda.

"Kwa hiyo hakuna kilichokufa?" Sauti ilikuwa ya Mzee Jada, na ilikuwa nzito.

"Moyo umechoka na umeumwa, Mzee. Kazi ile ya jembe juu ya homa nusura iumalize, na siku hizi chache bado namwogopea. Lakini moyo wa namna hii mara nyingi unapona. Dawa yake kubwa ni kupumzika. Miezi, si siku. Hakuna jembe, hakuna randa, hakuna kubeba, hakuna kukimbia. Alale. Nitampima tena na tena. Sikuahidi, nakwambia ninavyoamini. Huyu anaweza kuishi akazeeka."

Mzee Jada alivua kofia. Keji hakukumbuka kama aliwahi kuona utosi wa baba yake hadharani. Aliishika kofia kwa mikono miwili, akaizungusha.

"Lakini shamba," alisema, si kwa ukali tena, kama mtu anayeshika kamba ya mwisho kwa mazoea. "Matuta mawili..."

Mama Victoria aligeuka. Hakugeukia mume wake. Aligeuka upande wa kitanda, akashusha shuka iliyomfunika uso, na kwa mara ya kwanza tangu Arua alimtazama Ezbon machoni. Aliona kijana aliyekonda, mwenye nywele zilizosimama na vumbi la mbao ambalo hata hospitali haikuweza kulitoa kwenye nyusi. Ezbon alitaka kuinamisha kichwa kwa heshima, na alishindwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Mimi nazunguka shamba," alisema Mama Victoria, taratibu, ili asikosee neno hata moja. "Jana asubuhi, kabla ya kuja hapa, nazunguka yote. Peke yangu. Halafu nachukua jembe yako. Iko palepale ilianguka. Matuta mawili mimi nalima."

"Shamba limelimwa," alisema.

Akamwekea mkono kichwani, mara moja, kama anayejaribu kama mtoto ana homa. Kisha akavuta tena shuka usoni, akapita katikati ya vitanda kwa hatua zilezile za adabu, akarudi barazani kwenye sufuria yake ya uji.

Mzee Jada alimfuata na kofia mkononi. Daktari akakumbuka ghafla kwamba ana wagonjwa wengine.

Nje jua lilikuwa linazama na ua wote umekuwa dhahabu. Keji alikaa kitandani, si kwenye kigoda, na Ezbon akaachia mto akamwegemea yeye, ameinama mbele, paji la uso begani kwake. Keji alisikia moyo wa Ezbon ukipiga, upesi, dhaifu, bila mpangilio, nao ulikuwa wake.

"Miezi," alinong'ona Ezbon. "Nitalala wapi miezi yote? Kile kitanda hakina ubao wa kichwa."

"Utalala hivyohivyo," alisema Keji. "Kichwa nitakishika mimi."